TUSHAURIANE: Ninunue lenzi, ao nilipe minerval?



Mwezi huu tunafungua barua moja iliyotoka Kalemie, kule kwenye Ziwa Tanganyika. Aliyeandika ni kijana wa miaka 23. Jina lake linabaki kwetu. Anafanya kazi ya kupiga foto: ubatizo, komunio ya kwanza, ndoa, sherehe za shule. Barua ni ndefu, tunaifupisha:

"Jambo sana Baba. Niko na kamera ya Canon, niliinunua mtumba, pamoja na lenzi yake ya zumu, ile ya 18-55. Muchana foto zinatoka muzuri. Mangaribi na usiku ni taabu. Noeli iliyopita nilipiga foto ya nkambo wetu katika nyumba, kwa mwanga wa taa moja. Ilitoka kivuli-kivuli. Nikasema: nitamupiga ingine. Mwezi wa kwanza akakufa. Siku ya matanga wakaniomba foto ya kuweka mbele ya sanduku, sababu mimi njo mpiga foto wa jamaa. Sikuwa na ingine ila ile. Mama mdogo aliiangalia, akauliza: 'Hii njo sura ya mama yetu?' Sikujibu. Toka siku ile ninaweka feza. Sasa niko na dola 150. Kuko mtu anayeleta vitu toka Lubumbashi, anasema ataniletea lenzi ya 50, ile isiyovuta, inayofunguka mpaka 1.8, kwa ile bei. Lakini yaya wangu, aliyenilea toka kufa kwa mama, ananiomba nisaidie minerval ya binti yake anayeingia mwaka wa sita wa sekondari. Anasema: 'Weye uko na makuta, na mutoto abakie ku nyumba juu ya kioo?' Baba, ile lenzi ni kazi yangu, haiko muchezo. Katika miezi mitatu nilirudisha feza za watu mara ine, dola kumi-kumi, sababu foto za usiku hazikutoka. Nifanye nini?"

Kijana wetu, pole kwa kifo cha nkambo. Barua yako ina maneno matatu ndani yake: kuna lenzi, kuna minerval, na kuna foto moja isiyotoka. Umeyafunga yote katika kitambaa kimoja. Sisi tutayafungua, tuangalie moja moja. Na wewe msomaji usiye na kamera, usigeuze ukurasa: mbele utaona kwamba jambo hili linakuhusu wewe pia.

LENZI ISIYOVUTA NI KITU GANI?

Lenzi, ambayo wapiga foto wetu wanaita objektifu, ndiyo jicho la kamera. Kuna ya namna mbili. Ya zumu unaizungusha na inavuta: mtu aliye mbali anaonekana karibu, kisha unarudisha na nyumba yote inaingia. Zumu yako ya 18-55 inafanya hivyo. Ya pili haivuti. Ukitaka mtu awe mkubwa katika foto, unamkaribia kwa miguu yako. Ukitaka watu wengi waingie, unarudi nyuma. Wazee walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwenye lenzi isiyovuta anainama, anatembea, anapanda kiti.

Sasa utauliza: kwa nini mtu alipe feza kwa kitu kinachofanya kazi pungufu? Ni sababu ya mwanga. Lenzi isiyovuta ina vioo vichache ndani yake, na kiwanda kinaweza kuipa tundu kubwa bila kupandisha bei sana. Ile namba 1.8 inayoandikwa mbele ya lenzi inaeleza lile tundu. Chukua 50, gawanya kwa 1.8: unapata tundu la milimita 28 hivi. Zumu yako, ukiivuta mpaka 50, inafunguka mpaka 5.6 tu. Gawanya 50 kwa 5.6: unapata milimita 9. Ona sasa: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.

Ni sawa vile nyumba mbili. Moja ina dirisha la kupitisha mkono tu, ingine ina dirisha la kupitisha mtoto mzima. Kati ya milimita 9 na milimita 28, mwanga unaoingia unazidi karibu mara 10.

HESABU KATIKA NYUMBA

Tuseme uko katika chumba chenye taa ya kawaida, usiku, na umepandisha ISO ya kamera mpaka 1600. Kwa tundu la 5.6, kamera inaweza kuomba 1/15 ya sekunde ili kupata mwanga wa kutosha. Katika ule muda mtoto amekwisha kugeuza kichwa, mama amekwisha kucheka, na mkono wako umetikisika. Ndipo unapata kile kivuli-kivuli ulichoandika. Kwa tundu la 1.8, katika chumba kilekile, na ISO ileile, kamera inaomba 1/150 ya sekunde hivi. Mtu anayeongea anatoka safi.

Zumu nyingi za namna ya yako zina chombo ndani cha kutuliza mtikisiko. Kinasaidia kweli, lakini kinatuliza mkono wako tu. Mtoto anayecheza na kwaya inayopiga makofi haviwezi kutulizwa na kamera.

Basi kwa neno la kwanza una haki. Ile lenzi si mchezo. Kwa harusi ya mangaribi, kwa kwaya katika kanisa, kwa wavuvi wanaotoka usiku na taa zao kutafuta ndagala, lenzi ya 1.8 inafanya kazi ambayo zumu yako haiwezi. Na inafanya bila flashi kumulika machoni pa padri wakati wa sala.

FASI ISIPOSAIDIA

Lakini muuzaji hatakuambia upande wa pili. Sisi tutakuambia.

Kwanza, ni nyembamba. Kamera ya bei ya kawaida sawa na yako ina kioo cha ndani chenye upana wa milimita 22 hivi. Juu ya kamera hiyo, lenzi ya 50 inaona upana mdogo. Ukisimama mita 4 mbele ya watu, inaona upana wa mita 1 na sentimita 80 tu: watu watatu waliobanana. Lenzi ya 35, pale pale, inaona mita 2 na nusu. Zumu yako, ukiirudisha mpaka 18, inaona karibu mita 5. Pima sebule za Kalemie ambamo unaitwa kupiga foto. Ngapi zina nafasi ya kurudi nyuma mita 4? Jamaa ya watu wanane wakisimama mstari mmoja wenye upana wa mita 4, wewe wa lenzi ya 50 utarudi nyuma mita 9. Utakuwa umetoka mlangoni, uko katika kiwanja cha jirani.

Pili, tundu likiwa wazi kabisa, sehemu iliyo safi inakuwa ndogo. Mtu akiwa mita 2 mbele yako, kwa 1.8, sehemu safi ni kama sentimita 11 tu, mbele na nyuma pamoja. Kwa mtu mmoja ni vizuri: uso unatoka safi, na ukuta wenye nyufa unapotea nyuma yake. Lakini ukipanga watu mistari miwili, walio mbele watakuwa safi na wa nyuma watakuwa ukungu. Baba mkwe akiwa mstari wa nyuma, shauri ni lako. Kwa foto za kundi itakubidi ufunge tundu mpaka 5.6 ao 8, na pale lenzi mpya haikupi tena ule mwanga wa ziada. Kwa kundi la usiku, flashi ndiyo dawa: uielekeze juu kwenye plafo nyeupe, isiwapige watu machoni. Flashi ya mtumba mara nyingi inapatikana kwa bei ndogo kuliko lenzi. Je, uliiweka katika hesabu yako?

Tatu, foto za muchana. Kwa jua la saa tano, ufukoni, lenzi yako ya zumu inatosha kabisa. Mteja hataona tofauti.

JARIBU KABLA YA KUNUNUA

Kuna majaribio mawili yasiyoomba hata falanga moja.

La kwanza: fungua foto zako za miezi sita. Kila foto ya kamera ya siku hizi inaficha ndani yake habari za namna ilivyopigwa: lenzi ilivutwa mpaka wapi, tundu lilikuwa ngapi, ISO ilikuwa ngapi. Chukua daftari, andika foto 100 zile ambazo watu walizipenda ao walizilipa. Ngapi zilipigwa karibu na 50? Ngapi karibu na 35? Ngapi kwenye 18? Kama 60 ziko kwenye 18 na 24, lenzi ya 50 itabaki katika mfuko. Kama nyingi ziko kati ya 30 na 40, basi lenzi yako ni ya 35, hata kama muuzaji anakuletea ya 50.

La pili: kamata skochi, funga pete ya zumu yako kwenye 50, isizunguke tena. Tembea nayo wiki mbili. Piga yaya akipika, watoto wakitoka shule, mashua zikirudi, wazee wakikaa chini ya mwembe. Kisha fungua, ufunge kwenye 35, wiki mbili zingine. Kwa kazi unayolipwa usifunge, mteja asiteseke juu ya jaribio lako. Mwisho wa mwezi utajua kwa mwili wako ni ipi inakupendeza, na ni ipi inakukasirisha. Hutapata mwanga wa 1.8, lakini utajua ule upana, na upana ndio watu wengi wanajuta baadaye.

Na wewe mwenye telefone tu, jambo hili ni lako pia. Jicho kubwa la telefone yako ni lenzi isiyovuta. Ukitanua picha kwa vidole viwili, mara nyingi telefone inakata kipande tu na kukikuza, ndiyo sababu uso unatoka kama mchanga. Acha vidole, tumia miguu. Karibia mtu. Utaona foto zako zinabadilika siku ileile.

WALIOTANGULIA

Usifikiri kwamba kazi nzuri inangoja vyombo vingi. Kamera ya kwanza ya Leica iliyouzwa Ujeremani mwaka 1925 ilikuwa na lenzi moja ya 50, haivuti wala haitoki. Henri Cartier-Bresson wa Ufaransa alipiga sehemu kubwa ya kazi yake kwa lenzi ya 50.

Karibu nasi zaidi, fikiri juu ya Seydou Keïta wa Bamako, katika Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Alifanya kazi sana katika kiwanja cha nyumba yake, kwa mwanga wa jua. Nyuma ya watu alitundika kitambaa. Kwa miaka ya kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Na kwa kuhurumia feza, mara nyingi alimpiga mtu foto moja tu. Leo foto zile zinatundikwa katika nyumba kubwa za sanaa za dunia. Unaona jambo? Alijua mwanga wa kiwanja chake kwa kila saa.

Na hapa kwetu, Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa migodi, akaziunganisha na foto alizopiga mwenyewe za viwanda vya Gécamines vilivyobaki magofu. Kazi ile, aliyoifanya mwaka 2006, aliiita Mémoire, ndiyo kusema ukumbusho. Sisi wa miji ya migodi tunajua namna baba zetu walipita bila foto. Mpiga foto wa mtaa anafanya kazi ambayo wajukuu watamshukuru.

KAMA UTANUNUA, ANGALIA HAYA

Wapo watu waliokula hasara sokoni. Na mimi nimo: nilinunua lenzi kwa mtu fulani, mangaribi, kwa haraka, bila kuiangalia. Kesho yake niliona ndani ya kioo nyuzi nyembamba sawa na utando wa buibui. Ni kuvu, na haikutoka. Basi:

Moja. Jua mlango wa kamera yako. Lenzi za Canon zenye alama EF na EF-S zinaingia katika kamera za kioo-kinachoruka za namna yako. Zenye alama RF haziingii. Kwa wenye Nikon, kamera za jamii ya D3000 na D5000 hazina mota ndani. Ukinunua lenzi ya zamani ya AF isiyo na ile S, yaani si AF-S, itakubidi utafute usafi wa foto kwa mkono kila mara.

Mbili. Jua ni ya mwaka gani. Canon walitoa 50 ya 1.8 yenye alama EF mara tatu: mwaka 1987, mwaka 1990, na mwaka 2015. Ya 2015 inaandikwa STM, ina shingo ya chuma, na inakubali kukaribia mtu mpaka sentimita 35. Ya 1990 ina shingo ya plastiki, na haikubali chini ya sentimita 45. Zote zinapiga foto nzuri, lakini usilipe ya zamani kwa bei ya mpya. Ilipotoka, ile STM iliuzwa dola 125 katika Marekani. Toka kule mpaka Kalemie, kila mkono unaongeza chake.

Tatu. Iweke juu ya kamera yako kabla ya kutoa feza. Piga foto kumi karibu na kumi mbali. Mulika taa ya telefone upande mmoja wa lenzi, uangalie upande mwingine: tafuta nyuzi, ukungu, mikwaruzo mirefu. Vumbi kidogo si kitu. Mtu akikataza usijaribu, mwambie asante, uende.

Nne. Kumbuka unyevu wa ziwa. Kalemie si Kolwezi. Kuvu inapenda joto, giza na unyevu, na mfuko wa ngozi uliofungwa una vyote vitatu. Weka lenzi katika chombo cha plastiki chenye kifuniko kizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyotoka katika masanduku ya viatu. Mara kwa mara uitoe, uitumie, ipate hewa na mwanga.

Tano, na hii si ya soko: lenzi nzuri isikupe kiburi. Usipige foto bandari, uwanja wa ndege, askari ao shimo la madini bila ruhusa. Wala usipige mtu mwenye msiba, ao mtoto wa mtu, kabla ya kuomba.

NA MINERVAL?

Sasa tufike kwenye neno gumu.

Bwana Yesu alisema mfano juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anaketi kwanza na kuhesabu gharama. Tuketi, tuhesabu. Katika miezi mitatu ulirudisha dola 40. Tukisema lenzi ingeokoa zile zote, itajilipa kwa miezi 11 hivi. Si vibaya kwa chombo cha kazi. Lakini tulikwisha kuona kwamba baadhi ya zile foto zilikuwa za kundi, pengine, na pale lenzi isingekusaidia. Basi hesabu mwaka, na zaidi kidogo.

Upande wa pili kuna binti. Toka mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali, pamoja na zile zinazoongozwa na makanisa, yalitangazwa bure, lakini sekondari wazazi wanalipa. Mwaka wa sita ndio mwaka wa mtihani wa taifa. Tarehe ya mtihani haimngoji mtu. Binti akikaa nyumbani muhula mmoja, pengine amepoteza mwaka mzima. Na binti wa miaka 18 aliyepoteza mwaka nyumbani, wazazi wa Kalemie wanajua, si rahisi kurudi darasani. Lenzi haina tarehe. Zilitengenezwa nyingi, na mwaka kesho zitakuwapo.

Tena kuna deni lisiloandikwa. Yaya alikulea. Hakukuambia siku moja: nilipe. Leo amefungua kinywa mara moja. Hatusemi kwamba jamaa ina haki ya kumaliza jasho la kijana. Tunajua pia vijana wengi ambao kila chombo chao cha kazi kiliuzwa juu ya matatizo ya jamaa, na mwisho wake kijana hana kazi na jamaa haina msaada. Yaya asikie na hilo. Mkulima anayekula mbegu zote hatalima.

Basi shauri letu ni hili. Usinunue lenzi mwezi huu. Kaa na yaya, muweke kila kitu juu ya meza: minerval ni kiasi gani, yeye ana kiasi gani, kinakosa kiasi gani. Lipa kile kinachokosa kwa muhula wa kwanza, na ulipe mwenyewe shuleni, upate karatasi. Mwambie yaya waziwazi: hii natoa kwa moyo, na zile zinazobaki ni za chombo cha kazi, zisiombwe tena. Mshuhudiane mbele ya mtu mzima wa jamaa. Katika miezi inayofuata fanya yale majaribio mawili, na kwa kazi za usiku azima flashi kwa mwenzako, ao mshirikiane kununua moja. Ikifika Pasaka, kama daftari lako linasema 50, nunua 50. Kama linasema 35, shukuru Mungu kwamba hukununua ile ya kwanza.

JUU YA FOTO YA NKAMBO

Hapa niruhusu, mwanangu, niseme sawa mzee.

Nadhani hununui lenzi juu ya zile dola 40. Unainunua juu ya swali la mama mdogo. Unataka siku ile irudi, na wewe uwe na chombo cha kutosha mkononi. Lenzi ingesaidia usiku ule wa Noeli, sitakudanganya. Lakini kulikuwa na dawa nyingine. Kalemie inaangalia mashariki. Kila asubuhi jua linatoka juu ya ziwa, linaingia kwa upole katika kila mlango unaolitazama. Kama ungeweka kiti mlangoni saa moja ya asubuhi, nkambo ndani kidogo ya kivuli, uso wake ukielekea nje, zumu yako ya mtumba ingempiga safi, mpaka makunyanzi ya macho. Ulipiga foto za harusi za watu miezi yote. Nkambo alikuwa pale kila siku, tukafikiri atakuwa pale kila siku. Nasema "tukafikiri", sababu na mimi nilimzika baba yangu na foto moja ndogo ya karata ya kazi.

Hili si la kukuhukumu. Ni kazi ya kufanya sasa. Mama mdogo yuko hai. Yaya yuko hai. Binti anaingia mwaka wa sita. Wiki hii weka kiti mlangoni. Piga kila mmoja, asubuhi, bila haraka. Kisha zitoe kwenye karatasi, uzipeleke kwa watu wawili wanaokaa fasi mbalimbali. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za ufukoni, watu walitoka na watoto na magodoro. Albamu nyingi zilibaki majini. Foto iliyo katika telefone moja ao nyumba moja ni foto iliyo hatarini.

Na ile ya Noeli, usiitupe. Itoe pia. Andika nyuma yake: Nkambo, Noeli ya mwisho, taa moja. Mama mdogo siku moja ataiomba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika jamaa yetu, ni mzee gani hatujampiga foto? Tunangoja nini?

2. Feza ya kijana anayefanya kazi: sehemu gani ni ya jamaa, sehemu gani ni ya chombo chake cha kazi? Je, tumekwisha kusemezana waziwazi, ao tunangoja kugombana?

3. Kitu gani tulinunua kwa haraka, na sasa kinalala chini ya kitanda?

4. Vijana: chagueni mtu mmoja, mumpige foto kwa kumkaribia kwa miguu, bila kuvuta. Muulize kwanza jina lake na habari zake.

Kijana wetu wa Kalemie, tuandikie tena kisha Pasaka. Tuambie daftari lilisema nini, na binti amefikia wapi. Wasomaji wengine nao watangoja habari zenu.

Mungu azibariki nyumba zenu. Tuonane mwezi ujao.